Kitenzi “Sokota” na Kazi ya Uzi

Katika tambarare ya Ruzizi, kusini ya Bukavu, pamba ililimwa zama za ukoloni. Ua lake hufunguka likiwa jeupe lenye kukaribia manjano, siku ya pili hugeuka waridi, kisha hunyauka. Tunda linalobaki ndilo hukomaa, likapasuka na kutoa nyuzinyuzi. Hapo ndipo lugha inapodai uangalifu.

Kusokota ni kuzivuta na kuzizungusha nyuzinyuzi hizo hadi ziwe uzi. Kusuka ni kupitanisha vitu vilivyokwisha kuwa virefu, kama nywele au ukindu. Kufuma ni kutengeneza nguo kwa uzi ulio tayari. Basi mwanafunzi wa Bukavu anayefasiri kutoka Kifaransa habari ya mwanamke wa shamba asokotaye sufu bustanini, maua ya kwanza yakichanua baada ya baridi (majira yasiyokuwako Bukavu, ambako machipukizi hungoja mvua za Septemba), akiandika “anasuka” amempa mwanamke huyo kazi nyingine kabisa.

Kosa hilo lina historia. Neville Chittick alipochimbua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, vilipatikana visahani vya vigae vyenye tundu katikati, vya kutiwa kwenye kijiti cha kusokotea. Katika karne ya 19 merikani, kitambaa cha viwanda vya Marekani, kilienea kutoka Unguja hadi bara, na usokotaji wa mkono ukadhoofika. Kitenzi hakikufa: kilibaki kwenye msokoto wa tumbaku, na katika tumbo linalomsokota mgonjwa.