Kofia ya Mdachi Huku Ufipa

Pale Kasesya, kwenye kituo cha mpaka wetu na Zambia, dereva wa fuso akishuka kuonyesha karatasi zake huvua kofia kwanza, akaishika mkononi, ndipo aseme, "Habari za kazi, afande." Hakuna aliyemfundisha darasani. Huku Ufipa mtu haamkii wazee akiwa na kofia kichwani, wala haingii nayo kwa baba mkwe. Anayefanya hivyo huonekana hakulelewa. Ukiivaa umesema jambo, ukiivua umesema jingine.

Nimetumia miaka kadhaa kufuatilia kofia za aina moja tu, zile za jeshi la Mjerumani, tuliyemwita Mdachi. Ulaya wapo wakusanyaji wanaoweza kukaa jioni nzima juu ya mshono mmoja. Wanajua kwamba kokadi ya Dola, beji ya duara yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, iliwekwa kwenye kofia za wanajeshi wote wa Ujerumani mwaka 1897. Wanajua pia kwamba ile kofia pana ya kijivu ya Wajerumani wa makoloni ilikunjwa ukingo upande wa kulia, na kwamba rangi ya utepe wake ilitaja koloni: buluu kwa Namibia ya leo, nyekundu kwa Kamerun, nyeupe kwa huku kwetu. Ni elimu nzuri, nami nimejifunza mengi kwao. Lakini mara nyingi wanaishia kwenye kofia za mabwana, na tarbushi ya askari mweusi inapewa mistari miwili.

Na tarbushi ndiyo yenye habari. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri, alikwenda Cairo akaajiri Wasudani waliokwisha kutumikia jeshi la Misri. Walikuja na tarbushi zao, na vyeo vyao pia: ombasha, shaushi, efendi. Mjerumani aliviacha vile vile, akaongeza tai wa madini mbele ya kofia. Kwa hiyo ile tunayoiita kofia ya Mdachi ilitoka Misri, na yule "afande" wa Kasesya ni efendi aliyekuja nayo safari moja.

Tarbushi ya vitani haikuwa nyekundu. Ilikuwa kiunzi chepesi kilichosukwa, juu yake kitambaa cha kaki, na nyuma pazia la kukinga shingo na jua. Kofia hizo zilipita hapa hapa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Septemba 1914 askari wa Mjerumani walivuka mpaka kwenda kushambulia Abercorn, ndiyo Mbala ya sasa. Juni 1916 Waingereza waliichukua Bismarckburg, yaani Kasanga, kule ziwani. Na tarehe 25 Novemba 1918 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha jeshi lake Mbala: Wajerumani 155, askari 1,168, na wapagazi maelfu. Waliteremshwa hadi Kasanga, wakapanda vyombo kwenda Kigoma, kisha treni mpaka Tabora. Kambini homa ya mafua iliwaua wengi. Nikipita njia ya Matai kwenda Kasanga siachi kuwawaza, watu waliotembea vitani miaka minne, wakateremka milima hii bila bunduki.

Waliobaki hai walirudi na ngoma. Beni ilikuwa imeanza pwani tangu miaka ya 1890, vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi, matarumbeta na gwaride. Vita vikaichukua beni mpaka bara, maana askari wa Mjerumani na wa Mwingereza walikutana, wakafundishana hatua. Ndani ya beni kijana wa jembe aliweza kuwa Gavana au Kingi, na kofia ndiyo iliyomtambulisha. Cheo hicho kilikuwa na mzigo wake. Chama kilimuuguza mgonjwa, kilimzika mgeni asiye na ndugu. Walikopita watafuta kazi, beni nayo ilipita, hadi migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1951 mtaalamu Clyde Mitchell aliwakuta wachezaji wa kalela pale Luanshya, ngoma iliyozaliwa na beni, wakiwa bado na mfalme na daktari wao.

Askari wenyewe walizeeka na vipande vya sare masandukuni. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha walipwe mishahara yao ya tangu vita. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza walijitokeza mamia, na wenye vyeti walikuwa wachache mno. Wengine walileta mabaki ya nguo za jeshi kuwa ushahidi. Mwishowe mlipaji akampa kila mmoja ufagio mkononi, akaamrisha kwa Kijerumani, na wazee wale wakafuata amri kama vijana wa gwaride. Hakukosea hata mmoja.

Niliwahi kuonyeshwa kofia moja katika kijiji cha kati ya Matai na Kasesya. Mwenyewe alikuwa mzee sana, na kofia ilikuwa ya baba yake. Kaki imechujuka ikawa rangi ya majani makavu. Mbele pana matundu mawili, tai hayupo. Kuzunguka ukingo pameshonwa utepe mwekundu, kwa mkono, hatua za sindano zikipishana urefu. Baba yake aliushona mwenyewe alipokuwa akicheza beni. Mkusanyaji mmoja niliyemweleza habari hiyo alisema utepe ule umeiharibu, na ungefumuliwa kofia ingerudi hali yake. Nilimkatalia, na bado namkatalia. Kofia ilitoka kiwandani pamoja na maelfu kama yake, lakini utepe ule uliushona mtu mmoja, aliyeamua kwamba sasa ni kofia yake. Ukiufumua, umemfuta.

Yule mzee, kabla ya kufungua sanduku, alivua kofia yake ya kawaida akaiweka kitandani. Kisha akainua ile ya kaki kwa mikono miwili.

"Ishike, mjukuu wangu," aliniambia. "Usiivae tu."