Fahamu: Gari la taka hubeba tani ngapi?

Tipa ya kawaida inayozoa taka Dar es Salaam hubeba takriban tani 7 hadi 10. Gari la kushindilia, lile lenye bamba la chuma linalosukumia taka ndani, hubeba uzito unaokaribiana na huo, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Faida yake huonekana pale taka zinapokuwa nyepesi: maboksi, makaratasi, plastiki. Mashine huziminya na gari likabeba mzigo wa safari mbili au tatu. Taka zetu ni tofauti. Zaidi ya nusu ni maganda ya ndizi, mabaki ya ugali na mboga zilizooza, nzito na zenye maji tele. Ukizishindilia, maji machafu huchuruzika barabarani hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Ningekuwa mnunuzi wa manispaa, ningetanguliza tipa zenye turubai imara.

Sokoni, kontena linalonyanyuliwa na lori hufaa. Lakini vichochoro vya Manzese haviingiliki kwa lori lolote. Huko guta na mkokoteni ndivyo vinavyotoa taka, kilo mia chache kila safari, hadi barabara kubwa.