Fahamu: Gesi inayoonyesha pafu likifanya kazi
Mashine ya MRI husoma ishara za haidrojeni iliyo kwenye maji ya mwili. Pafu limejaa hewa, hivyo kwenye picha ya kawaida huonekana jeusi. Ndipo inapoingia gesi ya zenoni-129. Huandaliwa kwa leza na mvuke wa rubidi hadi ishara yake inaongezeka maelfu ya mara, kisha hujazwa kwenye mfuko. Mgonjwa anaivuta, anabana pumzi kwa sekunde chache, picha inapigwa. Hakuna sindano wala mionzi ya eksirei.

Uzuri wake hasa ni kwamba zenoni, kama oksijeni, hupenya ukuta wa vifuko vya hewa hadi kwenye chembe nyekundu za damu, na kila inapofika ishara yake hubadilika. Daktari anaona hewa ilikofika, na pia kama inavuka.

Nchini Uingereza, watafiti wa Oxford na Sheffield waliwapima watu walioendelea kuhema kwa shida baada ya UVIKO-19. Picha za CT zilikuwa karibu safi. Zenoni ikaonyesha kasoro. Kwa mgonjwa aliyekwisha kuambiwa hana tatizo, huo ni ushahidi mkubwa.

Marekani iliidhinisha gesi hiyo Desemba 2022.