Gharama za Mnada wa Ng'ombe

Mfugaji aliyeuza maksai wake mnadani, kisha akatozwa ushuru kabla ya kuondoka, mara nyingi husema kwamba ameibiwa. Yafaa ieleweke ushuru huo hufanya kazi gani.

Mnada hauendeshwi kwa sauti ya mnadi peke yake. Wahitaji ua imara, maji ya kunyweshea, mahali pa kupakilia malori, karani wa kuandika mauzo, walinzi, na Bwana Mifugo wa kukagua magonjwa. Hayo yote hulipiwa hata wakiletwa ng'ombe kumi tu. Chukua mfano: siku moja ya mnada ikigharimu shilingi 20,000, na ng'ombe 400 wakauzwa, kila mmoja huchukua mzigo wa shilingi 50. Wakiuzwa 100, mzigo huwa shilingi 200.

Mnunuzi naye ana hesabu yake. Lori la ng'ombe watano huhitaji dereva yule yule na safari ile ile kama lori lililojaa. Tena ng'ombe aswagwaye siku nyingi hupungua uzito, na mwingine hufa njiani. Gharama hizo mnunuzi huzitoa katika bei kabla hajafungua kinywa. Penye ng'ombe wengi huja wanunuzi wengi, nao hushindana. Penye mnunuzi mmoja hapana mnada, bali pana mtu ajitajiaye bei. Mfugaji aliyetoka mbali, mwenye karo ya kulipa, hawezi kumrudisha ng'ombe nyumbani, na mnunuzi amelijua hilo tangu asubuhi.

Kulazimisha watu hakukufaa. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliwashurutisha Wakamba wa Machakos kupunguza mifugo, ng'ombe wao wakanadiwa pasipo hiari. Watu waliandamana hata Nairobi. Muindi Mbingu, kiongozi wao, alihamishiwa Lamu, lakini shuruti ile iliachwa.

Wako wauzao kando ya barabara ili wakwepe ushuru. Hao huwapunguzia wenzao waliomo uani idadi ya ng'ombe, na wanunuzi pia. Hata hivyo lawama si yao peke yao. Tangu mwaka 2013 masoko ya mifugo yamo mikononi mwa serikali za kaunti. Ushuru ukipelekwa kwingine, ua ukaanguka na birika likakauka, mfugaji ana haki ya kuuliza daftari la karani linaonyesha nini.