Alama ya Paji la Uso: Maana Yake kwa Wahindu

Mtu apitaye karibu na hekalu la Wahindu, ikiwa ni Mombasa, Nairobi au Kisumu, huwaona waumini wakitoka na alama katika paji la uso. Mmoja ana kitone chekundu, wa pili ana mistari mitatu ya majivu, na wa tatu ana mistari iliyosimama. Wengi wetu huzitazama alama hizo tukadhani kwamba zote ni kitu kimoja, tena ni pambo tu. Sivyo. Kila alama ina maana yake, na aijuaye maana hiyo aweza kuisoma kama asomavyo barua.

Alama ya ibada huitwa tilaka. Wamwabuduo Shiva huchukua majivu ya samadi kavu ya ng'ombe, wakajipaka mistari mitatu iliyolala, kutoka upande mmoja wa paji hata wa pili. Majivu hayo ni ukumbusho kwamba mwisho wa mwili ni majivu, basi mwanadamu asijivune. Wamwabuduo Vishnu hupiga mistari ya kusimama, ambayo ni mfano wa nyayo za mungu wao. Baadhi yao hutumia udongo wa manjano utokao Dwarka, katika nchi ya Gujarat. Wengine hutumia msandali uliosagwa kwa maji, kama wanawake wa pwani wasagavyo liwa. Wanaume wa madhehebu ya Swaminarayan, yenye wafuasi wengi hapa Kenya, huandika alama mfano wa herufi U, na ndani yake hutia kitone chekundu.

Kitone cha wanawake huitwa bindi, jina litokalo katika neno la Kisanskriti lenye maana ya tone au nukta. Tangu zamani hutiwa kwa unga uitwao kumkum, ufanywao kwa manjano na chokaa. Vitu hivyo vikichanganywa, rangi hugeuka kuwa nyekundu. Siku hizi wengi hubandika bindi ya dukani, ya rangi yo yote, hata wasichana wasioolewa. Dalili ya ndoa kwa Wahindu wengi, hasa wa kaskazini ya India, ni unga mwekundu uitwao sindur, utiwao pale nywele zinapogawanyika kichwani. Basi mtu asihukumu kwamba kila mwenye kitone ameolewa.

Je, kwa nini likachaguliwa paji la uso? Hapa yatupasa kueleza habari za chakra, neno lenye maana ya gurudumu. Mafundisho ya yoga husema kwamba mwilini mna njia zisizoonekana, zipitazo pumzi ya uhai, na iliyo kuu hufuata uti wa mgongo. Katika njia hiyo zimo chakra, na kila moja hufananishwa na ua la yungiyungi. Kitabu mashuhuri cha Purnananda, cha mwaka 1577, chazieleza hivi: ya kwanza ipo mwisho wa uti wa mgongo, nayo ina majani 4, ya pili ipo chini ya kitovu, ina 6, ya tatu kitovuni, 10, ya nne moyoni, 12, ya tano kooni, 16. Ya sita ipo katikati ya nyusi, ina majani 2 tu, nayo huitwa ajna, yaani amri. Juu ya utosi lipo ua la majani 1,000.

Katika chakra ya kwanza, wasema, imelala nguvu iitwayo kundalini, mfano wa nyoka aliyejikunja. Kwa sala, kwa kutawala pumzi na kwa kutafakari, mwenye kujizoeza hutumaini kuiamsha ipande. Ifikapo katikati ya nyusi, ndipo mtu apokeapo amri ya mwalimu wake wa roho, na akili huacha kutangatanga. Mahali hapo huitwa pia jicho la tatu. Kwa hiyo tilaka iwekwayo hapo humkumbusha mtu ayalinde mawazo yake.

Yafaa kufahamu kwamba chakra si viungo vya mwili. Daktari akipasua hataziona. Ni mambo ya imani. Tena si kila mwenye alama ajuaye habari hizo. Wengi hufuata desturi ya wazee wao.

Lakini kudharau alama ya mtu kwaweza kuzaa ubaya mkubwa. Mwaka 1987, katika Jersey City, Marekani, kikundi cha watu waliowachukia Wahindi kilijiita kwa jina la kitone hicho, kikaandika barua gazetini kutishia kuwafukuza mjini. Mwaka uo huo, katika mji jirani wa Hoboken, mtu mmoja wa asili ya India alipigwa na vijana hata akafa. Naye alikuwa Mparsi, wala hakuwa Mhindu.

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Basi ukimwona jirani au mwenye duka ana alama usoni, usicheke wala usikisie. Muulize kwa adabu, naye atakueleza.