Kwa Nini Taa Kali Hupofusha Katika Ukungu wa Uluguru

Dereva yeyote anayepandisha gari kutoka Morogoro mjini kuelekea Mgeta, Kinole au Matombo asubuhi yenye ukungu hukutana, mapema au baadaye, na jambo linaloonekana kupingana na akili, nalo ni kwamba akiwasha taa za juu, ambazo madereva wengi huziita fulu, huona pafupi kuliko alivyoona kwa taa za chini. Jambo hilo huzaa swali la kwanza, lihusulo taa ipi inafaa katika ukungu. Na swali la pili huletwa na taa ndogo nyeupe ambazo mafundi umeme wa magari hufunga siku hizi kwenye bampa za magari yaliyotumika kutoka Japani, kwa lengo la kuwaka mchana kutwa. Maswali yote mawili hujibiwa na kanuni moja ya fizikia, inayoonyesha kwamba kuona na kuonekana ni kazi mbili zenye gharama tofauti, na kwamba taa iliyoundwa kwa kazi moja haiwezi kuaminiwa kwa nyingine.

Kuhusu chanzo cha ukungu wenyewe, yatosha kusema kwamba mji wa Morogoro uko kadiri ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Lupanga katika milima ya Uluguru, kinachoutazama, kina mita 2,138 na kile cha Kimhandu, upande wa kusini, kinazidi mita 2,600. Kwa hiyo hewa yenye unyevu itokayo Bahari ya Hindi, ikisukumwa kupanda miteremko hiyo, hupoa kwa kadiri ya nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100, mpaka mvuke wake ugeuke kuwa matone. Wingu ambalo watu wa Msamvu huliona limekalia mlima ndilo ukungu kwa dereva aliyemo ndani yake.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ukubwa wa matone hayo. Tone la ukungu huwa na nusu kipenyo cha mikromita chache, mikromita ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita, na udogo huo ndio unaolipa nguvu, kwa sababu maji yale yale yakigawanywa katika matone madogo huwa na uso mkubwa zaidi wa kuuzuia mwanga. Maji yenye uzito wa moja ya tano ya gramu katika kila mita ya ujazo ya hewa, yakiwa matone yenye nusu kipenyo cha mikromita 5, hushusha upeo wa kuona hadi kadiri ya mita 65. Lakini gramu nzima ya maji katika nafasi hiyo hiyo, ikiwa matone ya mvua yenye nusu kipenyo cha milimita 1, huacha upeo wa kuona unaozidi kilomita 2. Ndiyo maana mvua ya kawaida si sababu ya kuwasha taa za ukungu.

Ukubwa huo huo wa matone hujibu pia dai la kwamba mwanga wa njano hupenya ukungu. Molekuli za hewa, ambazo ni ndogo sana kuliko wimbi la mwanga, hutawanya rangi ya buluu zaidi ya nyekundu, na kwa hiyo anga huonekana buluu. Lakini tone la ukungu ni kubwa mara nyingi kuliko wimbi lolote la mwanga uonekanao, na mwanafizikia wa Kijerumani Gustav Mie, katika hesabu alizozichapisha mwaka 1908, alionyesha namna matone ya aina hiyo yanavyotawanya mwanga. Kutokana na hesabu hizo hufahamika kwamba rangi zote hutawanywa karibu sawasawa, ndiyo sababu ukungu ni mweupe. Ufaransa ililazimisha taa za njano kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1993, na madereva wengine hudai kwamba njano huchosha macho kidogo, lakini glasi ya njano haiongezi hata mita moja ya kupenya; kinyume chake, hupunguza sehemu ya mwanga wa taa.

Siri yenyewe iko katika safari ya mwanga, nayo hueleweka vyema kwa mfano wa mfanyabiashara wa nyanya anayeshusha matenga 100 kutoka Nyandira, katika njia ambayo kila baada ya mita 10 ina geti la ushuru linalochukua asilimia 32 ya kile alichobakiwa nacho, si ya kile alichoanza nacho. Baada ya geti la kwanza hubaki na matenga 68, baada ya la pili 46, la tatu 31, la nne 21, na akifika la tano, yaani mita 50 kutoka alikoanza, ana matenga 14 tu. Hicho ndicho kiwango cha ukungu wenye upeo wa kuona wa mita 100, na ndivyo mwanga unavyopungua ndani yake: haupungui kwa kiasi kisichobadilika bali kwa sehemu isiyobadilika, na kwa hiyo anayeongeza matenga mwanzoni hafiki mbali sana kuliko mwenzake, kwa kuwa mageti nayo humtoza zaidi.

Mfano huo unafafanua tofauti ya kuona na kuonekana. Mwanga wa taa ya mbele unaomsaidia dereva kuona jiwe lililoko mita 50 mbele hauna budi kwenda hadi kwenye jiwe na kurudi machoni, hivyo hupita mageti matano wakati wa kwenda na matano wakati wa kurudi, na matenga 100 hugeuka kuwa 2, hata kabla ya kuhesabu kiasi kinachomezwa na jiwe lenyewe. Mwanga wa taa ya nyuma ya gari lililo umbali huo huo hupita njia hiyo mara moja tu, na hufika na matenga 14. Kuona kunatozwa mara mbili, kuonekana kunatozwa mara moja. Na hiyo ndiyo sababu katika ukungu taa ya gari la mbele huonekana mapema kuliko gari lenyewe.

Mfano huo unaeleza pia upofu wa fulu. Ukungu hauangamizi mwanga, bali huutawanya, ni kana kwamba kila geti lilirundika ushuru wake palepale barabarani. Sehemu kubwa ya mwanga huo huendelea kuelekea mbele, lakini sehemu ndogo humrudia dereva machoni, na hali hii inaweza kuitwa mtawanyo rejeshi, jina linalofaa kuliko kuiita mwakisiko, kwa sababu hakuna kioo wala uso wowote mmoja unaourudisha mwanga. Sasa rundo la geti la kwanza lina matenga 32, na la kumi halifiki matenga 2. Yaani rundo kubwa kuliko yote liko mlangoni pa mwenye mali. Zaidi ya hayo, mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa vile husambaa kila unapozidi kwenda. Na mambo hayo mawili yakiunganishwa katika hesabu, kipande cha ukungu kilicho mita 5 mbele ya taa humrudishia dereva mwanga kadiri ya mara 120 kuliko kipande cha unene ule ule kilicho mita 25. Kwa hiyo pazia jeupe linalomfunika dereva halitoki mbali, bali hushonwa hapo hapo mbele ya boneti.

Hapa ndipo uzuri wa taa ya ukungu unapoonekana, kwa maana taa hiyo haipenyi ukungu, wala haikuundwa ipenye. Kilichobuniwa ni kuukwepa mstari wa macho. Mwanga wake umetandazwa kwa upana, na juu umekatwa kwa ukingo mkali kama dari iliyonyooka, ili usipande. Ikichukuliwa kwamba jicho la dereva wa gari dogo liko mita 1.2 juu ya barabara na linatazama sehemu ya barabara iliyo mita 25 mbele, mstari wa macho hushuka taratibu kuielekea sehemu hiyo. Nao, taa ya ukungu ikiwa kwenye bampa, sentimita 35 kutoka chini, hauugusi mwanga mpaka uwe umeenda zaidi ya mita 17. Yaani jicho hutazama kupitia ukungu wenye giza katika sehemu kubwa ya safari yake, na huingia katika ukungu wenye mwanga mita chache tu kabla ya kufika barabarani. Taa ya chini ya kawaida, iliyo sentimita 70 kutoka ardhini, hukutana na mstari huo mapema zaidi, baada ya mita 10 hivi. Fulu, ambayo mwanga wake umeachiwa kupanda, hukutana nao karibu na boneti, mahali ambapo mtawanyo rejeshi ni mkali kuliko popote.

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na watengenezaji wa magari wa Ulaya na Japani hutaka taa ya ukungu ya mbele katika gari dogo isiwe chini ya milimita 250 wala juu ya milimita 800 kutoka ardhini, na isizidi kimo cha taa ya chini ya kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo, taa kali zinazofungwa juu ya paa la Land Cruiser au fuso la mazao, ambazo hufaa sana katika usiku mkavu wa barabara ya Kisaki, ni mbaya kuliko zote katika ukungu, kwa kuwa hukaa karibu na macho ya dereva na kuyajaza mwanga unaorudi tangu mita ya kwanza.

Upande wa kuonekana, taa muhimu kuliko zote ni ile ya ukungu ya nyuma, taa nyekundu yenye ukali wa kati ya kandela 150 na 300, kandela ikiwa ni kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja, ilhali taa ndogo za kawaida za nyuma huwa na kandela chache tu, kuanzia 4. Ukali ukizidishwa mara 40 hivi, umbali wa kuonekana katika ukungu wa mita 100 hauongezeki mara 40, bali kadiri ya mara mbili hadi tatu, kwa sababu ya mageti yale yale. Lakini hata mara mbili ni tofauti kati ya kusimama na kugonga. Magari mengi yanayotoka Japani hayana taa hiyo, kwa kuwa sheria za huko hazikuilazimisha kama zilivyofanya za Ulaya. Anayetaka kuiongeza anashauriwa kufunga moja upande wa kulia, yaani upande wa dereva katika nchi inayoendesha kushoto, angalau sentimita 10 kutoka kwenye taa ya breki, ili isiifiche, na aizime mara ukungu unapoondoka. Uingereza huweka mpaka wa kuziwasha taa za ukungu kuwa upeo wa kuona wa chini ya mita 100, na Ujerumani huruhusu ya nyuma chini ya mita 50 tu.

Taa za mchana ni jamii nyingine kabisa. Zilianza Skandinavia na Finland, penye jua la chini wakati wa baridi: Finland iliagiza taa ziwashwe mchana katika barabara za nje ya miji wakati wa majira ya baridi mwaka 1972, Sweden ikalazimisha mwaka mzima mwaka 1977, na Umoja wa Ulaya ukaanza kuzidai kwa aina mpya za magari madogo mwezi Februari 2011. Japani ilizikubali rasmi mwezi Oktoba 2016 tu, ndiyo sababu magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya hapo na kuletwa Tanzania hayanazo. Morogoro, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, ina jua kali kuliko Sweden, na faida ya taa hizo mchana wa jua huenda ikawa ndogo. Hata hivyo, katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa, ambako basi linalopita jingine hulazimika kukadiria gari lijalo kutoka mbali, nukta mbili nyeupe zinazoonekana mapema si jambo la kudharau.

Fundi anayezifunga anapaswa kuzingatia kwamba kila taa iwe nyeupe, yenye kandela 400 hadi 1,200, iwe kati ya milimita 250 na 1,500 kutoka ardhini, na nafasi kati ya taa mbili isipungue milimita 600. Umeme wake upite katika rilei, swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kufungulia mkubwa, na fyuzi yake iwe karibu na betri. Ziwake zenyewe injini inapowashwa, na zizimike zenyewe taa kubwa zinapowashwa, kwa kuwa usiku zingewaumiza macho wengine.

Hatari yake kubwa inajitokeza katika ukungu. Taa za mchana kwa kawaida haziwashi chochote nyuma ya gari, na dereva anayeona mwanga mbele yake anaweza kudhani gari lote limewaka, ilhali anayemfuata hana hata tenga moja la mwanga kutoka kwake. Kwa hiyo ukungu ukiingia, taa za chini ziwashwe kwa mkono, pamoja na za ukungu zikiwepo. Nazo hazadi ziachiwe gari lililosimama, kwa sababu zikiwaka safarini hufuta ishara ya indiketa, na katika kona za Mgeta ishara hiyo ndiyo inayosema gari linaelekea wapi.

Hakuna taa inayofuta hesabu ya breki. Dereva anayeona mita 25 tu, akihitaji sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki juu ya barabara yenye utelezi, hawezi kusimama ndani ya mita hizo akizidi kilomita 34 kwa saa, na kwenye mteremko mwendo huo hupaswa kushuka zaidi. Mwenye gari wa Uluguru aliye na fedha ya taa moja tu basi na aanze na ile nyekundu ya nyuma, ambayo mwanga wake hutozwa mara moja. Ya pili iwe ya ukungu ya mbele, iliyofungwa chini kwenye bampa. Na taa za mchana zije mwisho, kwa ajili ya barabara kuu iliyo wazi.