Daktari wa Familia na Kompyuta Iliyo Mezani

Wako watu wengi wadhanio kwamba daktari wa familia anapoitazama programu mpya ya afya kwa jicho la tashwishi, hufanya hivyo kwa ukaidi wa uzee au kwa hofu ya mambo asiyoyajua. Dhana hiyo haina insafu, na historia ya Uingereza, nchi ambako madaktari hao wamekuwa mlango wa kwanza wa tiba ya umma tangu huduma ya afya ya taifa ilipoasisiwa mwaka 1948, yaikanusha waziwazi.

Kwa miaka mingi habari za mgonjwa wa nchi hiyo zilihifadhiwa ndani ya bahasha ndogo ya karatasi ngumu, iliyoitwa kwa jina la David Lloyd George, waziri ambaye sheria yake ya bima ya mwaka 1911 ndiyo iliyoizaa. Na ndani yake zilisukumwa kadi zilizoandikwa kwa hati za haraka, barua za hospitali zilizokunjwa mara tatu, na majibu ya vipimo, hata bahasha ikafura na kuchanika pembeni. Daktari aliyepekua humo akitafuta ni dawa ipi iliyomdhuru mgonjwa miaka kumi iliyopita, ilhali mgonjwa mwenyewe ameketi mbele yake akingoja, hakuhitaji kuhubiriwa faida za kompyuta. Ndiyo maana mwaka 1970 Dkt. John Preece wa Exeter alianza kuitumia katika chumba chake cha kuonea wagonjwa. Na mwaka 1987 Peter Sowerby na David Stables, madaktari wa Egton, kijiji cha Yorkshire, waliasisi EMIS, kampuni ambayo programu yake ya kumbukumbu, iliyozaliwa katika kazi yao wenyewe, ilienea katika zahanati za nchi nzima. Hospitali kubwa, zenye mafundi na fedha, zilibaki na makaratasi yao miaka mingi baadaye.

Walakini madaktari hao hao waliyapinga mambo mengine kwa nguvu, na sababu zao zastahili kusikilizwa. Mpango mkubwa wa kompyuta ulioanzishwa na serikali mwaka 2002 ulitungwa juu kabisa na kuteremshwa chini, ukala mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba utavunjwa. Baadaye ukaja mpango wa care.data, uliokusudia kukusanya mahali pamoja habari za wagonjwa kutoka katika zahanati; nao ukafungwa mwaka 2016, baada ya madaktari na raia kuuliza nani atazisoma habari hizo na kwa idhini ya nani. Mwanamke amwambiapo daktari kwamba mimba aliyo nayo si ya mumewe, au mzee akiripo kwamba huamka na chupa ya pombe, humkabidhi amana. Na mtu aliyepewa amana ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza inapelekwa wapi.

Fauka ya siri, iko kadhia ya mazungumzo yenyewe. Michael Balint, aliyekutana na madaktari wa familia mjini London kuzichunguza kazi zao, alitoa kitabu mwaka 1957 akifundisha kwamba daktari mwenyewe ni dawa, na kwamba namna asikilizavyo yaweza kuponya au kudhuru. Kila aliyeifanya kazi hii anajua kwamba mgonjwa huanza kwa kulalamikia goti, akapimwa, akaandikiwa dawa, akainuka. Kisha, mkono ukiwa tayari juu ya kitasa cha mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameona damu chooni. Jambo lililomleta ni hilo. Fomu ya kompyuta haina kitasa: humtaka mgonjwa alitaje tatizo lake katika mstari wa kwanza, naye aghalabu hulitaja goti.

Haimaanishi kwamba zana hizi hazina kheri. Tangu janga la korona mwaka 2020, lilipowalazimu kuwahudumia wengi kwa simu na kwa video, madaktari wameona kwamba dawa za kila mwezi na picha ya upele hazina haja ya kumtoa mtu nyumbani, nao wameyashika mazoea hayo kwa hiari.

Lakini Julian Tudor Hart, aliyewatibu wachimba makaa wa Glyncorrwg, Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba tiba njema hupungua palepale inapohitajiwa zaidi; na kwa rai yangu fomu za mtandaoni zaweza kuizidisha dhuluma hiyo, maana ajuaye kuandika hutangulia, na kikongwe asiye na simu hubaki nyuma. Tangu 1 Oktoba 2025 zahanati za Uingereza zimeagizwa kuziacha fomu hizo wazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 na nusu jioni. Chama cha madaktari kimelalamika kwamba habari ya dharura, kama maumivu ya kifua, yaweza kukaa katika foleni bila kusomwa. Daktari anayeshinda akizisoma fomu hizo hawezi saa ile ile kuwa chumbani na mgonjwa, na swali madaktari wanalolielekeza kwa serikali ni nani atakayekikalia kile kiti kingine.